Kifungu cha Pili: Ufafanuzi

Katika sheria hii, isipokuwa muktadha uhitaji vinginevyo,
"mwokoaji wa kwanza" ni mtu aliyeajiriwa,
aliyefunzwa, akasajiliwa, mwenye kitambulisho shingoni.

Nimeyachapa. Feni inaupeperusha ukurasa,
naubana kwa kikombe cha kahawa tungu.

Lakini usiku ule Guraya ilipowaka
wa kwanza alikuwa Shekue wa viazi karai,
kifua wazi, na karai lenyewe limejaa maji ya mfereji.
Wa pili mkewe, akimfokea arudi avae viatu.
Wenye vitambulisho walifika moto umeshalala;
siwalaumu, njia yetu haipitishi hata mkokoteni.

"Chombo cha mawasiliano ya dharura" ni redio,
mnara, antena na betri zake,
na kifaa chochote Waziri atakachokitaja gazetini.

Waziri hajakitaja kipaza sauti cha msikiti
alichokiwasha Mwinyikai saa nane za usiku. Si adhana:
"Jamani, nyuma ya duka la mkaa! Mtoeni Bi Zuwena, hasikii!"
Wala hajataja mwiko na sinia.

Baada ya neno "mtu" nimeacha nafasi,
upana wa vidole viwili.
Kesho mkubwa wangu ataiziba.

Bi Zuwena hunishika mkono kila nikipita. Amesahau tena:
nani alinibeba?
Nami humwandikia kiganjani, kwa kidole,
herufi moja moja,
jina ambalo sijalichapa popote.