Safu ya Saba

Alhamisi, ofisi ya kijiji, Newala, ukingoni,
pale ambapo Ruvuma huonekana bondeni kama uzi ulioanguka.
Kiti changu ni ndoo ya salfa iliyopinduliwa,
meza ni mlango wa zamani wa ghala la chama.
Nina kalamu mbili, penseli, kidau cha wino wa dole gumba,
na fomu za Mpango, kurasa nne kwa kila kaya.

Wa kumi na tisa ni Felizarda.
Nimeandika Felisada. Mtendaji kasahihisha: Filizada.
Kadi ya kliniki inasema Felista.
Mwenyewe anasema, "Lolote, mama,
bora niitike watakapoliita."

Ana watoto wawili.
Bendito kazaliwa ng'ambo, Mueda,
juu ya mkeka, bunduki zikilia kwa jirani.
Delfina kazaliwa zahanati ya hapa,
ana cheti, ana mhuri, ana alama ya kahawa ya nesi.

Safu ya saba: mahali alipozaliwa.
Delfina anaenea kama mguu kwenye kiatu chake.
Bendito amebaki nje ya mstari,
kidole mdomoni, anamtazama jongoo akipanda ukuta.

"Mmoja," nikasema, "ndiye mwenye sifa."
Felizarda akacheka kicheko kikavu.
"Sifa? Huyo unayemwacha
ndiye anayeamka usiku kumfukuzia mwenzie mbu."

Kisha, taratibu, kama anayehesabu maji ya kununua:
"Hela ya mmoja ikifika, niipikeje?
Nichore mstari katikati ya sufuria?
Ming'oko nachimba mwenyewe, siulizi imeanzia shamba la nani.
Naivuta, inakuja na udongo wake."

Sikuwa na jibu. Nikachukua utepe.
Utepe nauzungusha juu ya kiwiko, navuta kidogo,
nasoma rangi dirishani.
Haujui Kireno, haujui Kiswahili,
unajua nyama na mfupa.
Delfina: kijani, lakini pembeni kabisa.
Bendito: njano,
na ncha ya utepe ikabaki ndefu, inaning'inia,
kama mshipi wa baba kiunoni mwa mtoto.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Tulimpa. Misimu mitatu kapalilia mikorosho yetu,
kaokota, kabangua, moshi wa maganda umemla viganja.
Leo ya kugawa
tunamrudisha siku ya kwanza.

Bibi yangu Nantepa naye alivuka,
nembo usoni, ndonya mdomoni,
akaenda kukata mkonge upande wa Mikindani.
Kipande chake ninacho, kimekunjwa ndani ya msahafu wa mume wangu:
visanduku thelathini,
ishirini na minane vimetiwa alama.
Hakuna kisanduku cha alikozaliwa.
Mnyapara alitaka mikono tu, akaipata.
Mikono hiyo ikamlea mama, mama akanizaa mimi,
na mimi nina kitambulisho chenye picha mbaya
na ndiye ninayeuliza.

Mtendaji anachungulia simu. Gari la wilaya litafika saa tisa,
wanataka orodha safi, isiyokwanguliwa.
Naijua safi yao.
Nikaweka kalamu chini, nikashika penseli,
nikaandika Bendito, herufi nyembamba,
na safu ya saba nikaiacha kama ilivyokuja.
Labda mtu wa mjini ataijaza. Labda ataifuta.
Sina hakika kama huo ni ujasiri
au ni woga uliochongwa ncha.

Felizarda akabonyeza dole gumba, akalifuta kwenye kanga,
akambeba mdogo mgongoni, akageuka.
Bendito hakumfuata.
Kaja mezani, kanyoosha mkono wa pili,
ule ambao sikuupima.
"Na huu," akasema, kwa Kimakonde cha ng'ambo,
ambacho bibi yangu angekiitikia
bila hata kugeuza shingo.