Bei ya Kengele

Bwana Rweyunga alishuka na treni ya saa tisa usiku,
asubuhi yupo kibarazani kwangu, Ng'ambo,
amebana kioo cha sonara jichoni.
Hakuniamkia mimi. Aliliamkia tarumbeta.

Akaligeuza, akalihemea kama mtu anayefuta miwani,
na pale kwenye kengele, chini ya ukungu wa pumzi yake,
nembo ikajitokeza: tai wawili, mji wa mbali,
jina la fundi aliyekufa kabla babu yangu hajaota jino.

"Unajua hili ni nini, mama?"
Najua. Nimelibeba mgongoni kabla sijabeba mtoto.
"Haya hayatengenezwi tena. Shaba ya zamani
husahau ukali wake mwaka hadi mwaka,
mpaka sauti inakuwa asali."
Asali. Ananifundisha asali mimi, mtu wa Tabora.

Akataja bei.
Nikahesabu mabati. Nikahesabu ada ya Mhoja, mihula mitatu.
Nikahesabu hadi vidole vikaniishia,
na pesa bado ipo mezani, inanitazama.

Wahenga walisema chema chajiuza.
Hawakusema kikishajiuza
chenji anapokea nani.

Sasa niseme.
Baba yangu, Yeremia Kashindye wa karakana ya reli,
alilikuta tarumbeta hili mwaka wa mafuriko
limelaliwa na behewa.
Kilichopona ni kengele tu.
Mrija wa mbele aliukata kwenye bomba la mafuta
la injini ya mvuke iliyokuwa ikiozea njia ya pembeni.
Pistoni ya tatu ilitoka bendi ya polisi, usiniulize vipi.
Vitundu aliviziba kwa nta ya nyuki wa Sikonge,
na Oktoba, joto likipanda na tenzi ikirefuka,
nta hulegea,
noti ya juu hutoka na harufu ya mzinga.

Hiyo ndiyo asali yako, bwana.

Ningeweza kunyamaza. Nembo ipo, inang'aa,
na mnunuzi wa jina hapapasi tumbo.
Lakini lehemu ya baba ipo kila kiungo,
nene, mbaya, kovu lisilo na aibu,
nikaona kuinyamazia
ni kumzika mara ya pili, safari hii bila bendi.

Nikamwonyesha kwa ukucha: hapa. Na hapa. Na huku chini.
Kioo kikamdondoka jichoni, akakidaka.
Akakaa kimya muda wa treni ya mizigo kupita,
kisha, kwa upole wa daktari:
"Basi nikatie kengele.
Kengele peke yake, nitalipa nusu."

Nusu ni mabati yote na chokaa juu.

Nikajaribu kuliona tarumbeta bila kengele:
bomba la reli, pistoni ya polisi, nta,
na upepo usio na pa kutokea.
Nikajaribu kuiona kengele bila tarumbeta:
ukutani Masaki, jina kubwa, mdomo wazi,
haina koo.

Sikumjibu. Nilimpa chai, akaiacha nusu nayo.

Leo ni Pasaka, saa kumi alfajiri,
tumesimama makaburini, besi, tromboni,
Mhoja na tarumbeta lake, mashavu kama maandazi.
Pistoni ya tatu imekwama.
Anaipiga kwa kiganja kama anayemwamsha mlevi,
noti inapasuka, mbwa wa Cheyo wanaijibu,
halafu inashika.
Inashika, inapanda, inapita juu ya misalaba
hadi kaburi la nne kutoka mwarobaini,
alikolala anayejua kila kipande kilitoka wapi.

Ada bado sijalipa.
Nembo, gizani, haisomeki.