Alama Mbili

Nyamugo, sitini na tisa.
Cimpunda, sabini na moja.
Nimejumlisha mara tatu: kwa vidole, kwa simu,
kisha kwa mshumaa, maana umeme wa Kadutu
huja kama mjomba mlevi,
usiku wa manane, na haukai.

Shule ya watoto wadogo ni moja tu.
Pesa zimetosha paa moja, walimu wawili,
uji wa soya wa watoto arobaini.
"Pale penye shida zaidi," wamesema,
kana kwamba shida ni gunia la makala,
unaliinua, unalitikisa, unajua lipi limejaa.

Nilipanda na mkanda wa rangi tatu mfukoni.
Unauzungusha kwenye mkono wa mtoto, unasoma:
kijani, njano, nyekundu.
Mkono hausemi uongo.
Maswali ndiyo yanayosema.

Je, kuna bomba? Nyamugo, lipo.
Niliandika ndiyo. Lenyewe liliniona naandika,
likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.
Karatasi haina nafasi ya kuandika kikohozi.
Alama moja ikaenda.

Je, uwanja ni safi?
Nabintu alisikia tangu jana kwamba kuna wageni.
Akafagia, yeye na wifi yake,
wakanyunyizia vumbi maji, bido mbili nzima
zilizopandishwa kwa kichwa ngazi mia na kumi.
Akampaka Mugisho mawese usoni
mpaka mtoto akameta kama sambaza kikaangoni.
Akaazima kiti kwa jirani, nikalie heshima.
Nikakalia.
Nikaandika: safi.

Fagio lako, Nabintu, ndilo lililokuponza.
Ningekunong'oneza nini mlangoni?
Kwamba umwache mwanao na kamasi,
uniache nisimame,
uvae umaskini wako kama kitenge cha sikukuu?

Wala Cimpunda hawakunidanganya, nisieleweke vibaya.
Mvua ya Aprili iliteremka na nyumba sita,
na hadi leo ngazi zinaishia hewani.
Bibi Nankafu analea wajukuu watano;
wa mwisho ana miaka minne,
na neno alilo nalo ni moja: "leta".
Nilimfunga mkanda. Ukasimama kwenye nyekundu.
Mbele ya nyekundu mimi sina ubishi.

Samaki mkunje angali mbichi,
tunakariri mkutanoni, chai ikipoa.
Sawa. Lakini sisi watu wa Kivu tunakula sambaza,
na sambaza ni mdogo, jua la saa mbili linamtosha.
Hasubiri awamu ya pili ya mradi.

Awamu ya pili! Neno hilo nimelibeba leo
hadi kwa Nabintu, nikalishusha polepole
kama mtu anayetua yai.
Hakulia. Hakunitukana.
Aliniuliza tu, huku akichambua maharage:
"Hizo alama mbili, zina ukubwa gani?"
Nikafungua kiganja, nikakifunga.
Akatupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharage.
"Ehe," akasema. "Mwakani sitafagia."

Sahihi yangu iko chini ya ukurasa wa nne.
Nimechagua vizuri. Nitalirudia hilo kwa yeyote atakayeuliza,
na usiku nitajirudia mwenyewe.

Jumatatu mbao zinapanda.
Njia ya Cimpunda ni hiyohiyo moja,
inapita mbele ya kizingiti cha Nabintu,
na wabebaji ni vijana wa Nyamugo, wanalipwa kwa ubao.
Mugisho atakuwa amekaa pale, mawese yamemkauka,
akizihesabu zinavyopita:
moja, mbili, tatu, nne,
(hapo ndipo hesabu yake inapoishia)
moja, mbili, tatu, nne,
moja.