Namba za Wete

Usiniandikie, Thuwaiba. Rudisha kalamu mkobani.
Nitajie tu, mara moja, wala usirudie:
bizari, ndimu, uzi mweusi, betri za tochi,
sabuni ya mche, dawa ya babu yako.
Basi. Nimeshaviweka.

Wapi? Njiani, hapa hadi sokoni.
Ndimu nimezimwaga ngazini kwa Bi Mwache,
moja yabingirika mtaroni, na iende.
Uzi nimeufunga kwenye komeo la geti la skuli,
fundo juu ya fundo, leo mwalimu mkuu atakoma.
Betri anazitafuna mbuzi wa Shaame.
Sabuni imeangukia bombani Jadida,
povu limefika magotini.
Dawa ya babu yako iko ndani, polisi, yangoja dhamana.
Na ukuta wa posta nimeupaka bizari,
wote, mpaka madirishani.

Cheka. Cha kipumbavu hakisahauliki,
cha maana ndicho kiponyokacho.
Ingawa wiki iliyopita nilirudi bila chumvi:
niliiacha mlangoni kwa Faki,
kumbe Faki kaupaka mlango rangi ya kijani.
Nikaupita. Sikuujua.

Hapo posta nilikaa miaka kumi na tisa,
vyuma masikioni, nyaya mkononi,
Wete nzima ikipita vidoleni mwangu.
Hospitali, kumi na mbili.
Bohari la karafuu, saba.
Bwana Shamba, thelathini na moja.
Mzee Asaa wa mashine ya kusaga, arubaini na nne,
naye hakupata kunitajia namba hata siku moja.
Alisema tu, "Nipe mwanangu,"
nami nilijua mwana yupi, wa Konde au wa Mtambwe,
kwa vile alivyovuta pumzi.

Ikaja mitambo ya watu kujipigia wenyewe.
Wakanipa cheti na doti ya kanga,
nikarudi nyumbani na kichwa kimejaa namba.
Bado zimo. Mzee Asaa amekufa,
arubaini na nne haijafa.

Lakini yako, mjukuu wangu?
Nilikuwa nagusa picha yako, simu inaita.
Siku ilipotumbukia ndooni
nikasimama uani kama mgeni wa nyumba.
Za maiti ninazo.
Ya kwako sina.

Sikuulaumu uzee. Uzee una mengi ya kujibu,
hili si lake.
Usichokiita hakiji.
Karafuu usiyoipindua jamvini
juu yang'ara, chini imeshakuwa mpeta.

Nikakaa kuisoma, tarakimu kumi,
mara ishirini, mara thelathini, kama mtoto wa chuoni.
Asubuhi, hakuna.
Ndipo nikamkumbuka Bi Time aliyenifunza kazi:
alilifunika daftari kwa mkoba wake, akasema,
"Jibu kwanza, fungua baadaye. Ukikosea, heri,
kosa lina mwiba, litakukaa."
Basi nikaifunika kwa kiganja, nikajibu, nikakosea.
Nikaenda kuchambua mchele, nikarudi, nikakosea tena,
pungufu kidogo.
Nane tatu sita za mwisho zilinigomea siku mbili.
Nikalala nazo.
Alfajiri, kabla sijatia udhu, zikaja zenyewe,
zimeshikana mikono.

Sasa nitie shungi langu niende,
ukuta wa posta unanisubiri na unjano wake.
Ila kwanza wewe.
Igeuze hiyo simu, kioo chini.
Ifunike.
Namba ya bibi yako ni ngapi?

Usiharakishe.
Mimi ni mtu wa kazi hii,
nimezoea kusikiliza laini ikitafuta.