Kidole Gumba

Oulu, saa tisa usiku, mwezi wa pili.
Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
theluji inalia chini ya kiatu kama wanga ukifinywa.
Humu ndani mashine zinahema,
na bomba linalichukua joto lao hadi bwawa la shule,
ili watoto wa Tuira wapige mbizi asubuhi
katika uvuguvugu wa ankara.

Simu ndiyo iliyoniamsha: asilimia tisini na saba.
Diski imeshiba hadi kooni.

Kiwanda chetu hutengeneza misumeno ya magogo.
Miaka kumi na moja nipo hapa, sijashika hata jino moja la msumeno.
Nashika karatasi zisizo karatasi:
oda, madai, hati za kupokelea mizigo.
Programu ya uhasibu haiweki kitu tumboni mwake.
Inatembea na namba tu, ndefu, isiyosomeka,
kama mtu aliyeacha koti mlangoni akapewa kibati;
inakuja dirishani kwangu: nipe hili.
Nami nampa, mradi cheti chake hakijapita tarehe.

Kilipita mara moja, Novemba.
Asubuhi nzima Marjukka wa malipo alibofya
akaletewa ukurasa mweupe,
akanipigia: "Tumeibiwa?"
Hapakuwa na mwizi.
Milango miwili ilikuwa imesahau kuaminiana.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Sawa. Na daftari lenyewe huishaje?

Huisha hivi: kanuni ya kampuni ni miaka kumi na miwili,
kisha futa.
Natayarisha orodha ya mwaka 2013,
hati laki mbili na elfu kumi na nne,
na kabla ya kufuta nafungua tatu, nne, mazoea tu,
kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyamwaga.

Ya kwanza: mawe ya kunolea, kutoka Kemi.
Ya pili: duara la kikombe cha kahawa juu ya sahihi ya dereva.
Karatasi ilichanwachanwa zamani,
kahawa ilinywewa, mnywaji simjui,
duara limebaki, tunalilipia umeme.
Ya tatu:
kidole gumba.

Cha Veikko Rautiola. Pembeni, chini, kushoto,
kucha imepasuka upande mmoja.
Skana ile ya zamani ilikuwa na mdomo mbovu,
karatasi ikiteleza, naye akaishikilia kwa mkono,
hati kwa hati, baridi kwa baridi.
Alinifundisha kazi hii kama mtu anayetozwa kwa kila neno:
"Usiamini nakala ambayo hujawahi kuirudisha."
Basi.
Agosti iliyopita moyo wake ulisimama kituo cha basi.
Mazishini binti yake aliuliza kama kuna yeyote
mwenye picha ya baba akiwa kazini.
Nilikuwa nazo maelfu.
Nikatazama viatu vyangu.

Fomu ina kisanduku: Sababu ya kubakiza.
Nikaandika: gumba.
Nikafuta.
Nikaandika: mgogoro wa bei haujaisha.
Nikafuta, kwa maana hilo Veikko asingelisaini.

Kisha nikabonyeza.

Tisini na sita. Tisini na tatu.
Feni zikashusha sauti, moja, halafu ile ya pili yake.
Themanini na nane.

Aliacha kazi mwishoni mwa 2016.
Nimehesabu kwa vidole, mwenyewe, gizani:
kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita.
Nimebakiwa na baridi tatu za kumwona.
Kesho nitatafuta namba ya binti yake,
ingawa sijui nitaanzaje: halo, ninacho kidole.

Saa moja Marjukka ataingia na koti lake la manjano,
atabofya, itafunguka, hataniwaza.
Na bwawani maji yatakuwa yamepoa
kwa kiasi ambacho hakuna mtoto atakayekitambua.