Ufagio wa Jumamosi

Mchwa wa Ngomeni hawana haraka.
Wameanza na benchi la akina Shemndolwa,
lile la tatu, upande wa dirisha,
halijakaliwa tangu Kwaresima.

Nafagia. Vumbi la katani limefika hadi altareni.
Kinanda kimefungwa mnyororo, kufuli mbili:
moja ya kwaya ya wazee,
moja ya vijana.
Kila upande una ufunguo wake. Mpigaji kahamia Korogwe.

Walisema ni shetani.
Mwinjilisti Kilua akakemea pembe zote nne
hadi sauti ikamkauka.
Shetani gani, jamani?
Daftari la sadaka lilipochanwa kurasa mbili
tulitazamana,
tukaimba ubeti wa mwisho,
tukaenda kula wali.

"Amani iwe nanyi," tunaambiwa.
Mikono tunapeana, macho tunayapeleka darini.

Leo nimeinua mkeka wa mlangoni:
njia ya mchwa, nyembamba, nyekundu,
inatoka ukutani, inapita chini ya mimbari,
haigeuki kwa Shemndolwa wala kwa kwaya,
inakuja moja kwa moja
kwenye kiti changu,

mimi niliyeziona zile kurasa mbili
zikiwashia jiko kwa kaka yangu.