Swali la Nyongeza

Mihula mitano niliandika sauti yake,
mimi wa Taarifa Rasmi, Dodoma:
Mheshimiwa Ndahani Chilatu, daraja la Korongo Msanze,
lini?

Mara ya kwanza alisimama na koti la kuazima,
akauliza kama anayedai ng'ombe wake.
Serikali iko mbioni.
Makofi.

Upembuzi yakinifu. Fedha zitakapopatikana.
Vidole vyangu vikazoea,
vikawa vinamaliza jibu kabla Waziri hajameza mate.

Kisha akateuliwa: Naibu Waziri wa Ujenzi.
Kijana wa jimbo jingine akamuuliza daraja lake.
Akavaa miwani, akafungua jalada.
Serikali iko mbioni.
Kabla ya hapo, kwenye mkanda, sekunde nne za kimya.
Kimya hakiandikwi.

Kura za maoni zikamwangusha.
Machi hii, nikienda msibani,
nilikuta korongo limefura, maji mekundu, mbuzi akielea.
Ng'ambo yuko yeye, viatu mkononi, suruali kaikunja,
anangoja yapungue pamoja na waliomchagua na wasiomchagua.
Mama mmoja mwenye dumu akamgeukia, akasema neno.

Sikusikia.
Ila vidole vyangu, mfukoni, vilikuwa vimeshaanza.